Jinsi Lukwembe Ilivyoshirikishwa

Sikia hii. Palikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake usiulize. Kwa sheria zao jina la nchi halitajwi mpaka wadau wakutane kwanza walitolee maoni, na mkutano wa kulijadili jina uliahirishwa kwa sababu vipaza sauti vilikuwa vimeazimwa kwenye harusi.

Sifa kubwa ya nchi hiyo ilikuwa kusikiliza. Nchi nyingine zina dhahabu, nyingine zina mafuta, hii ilikuwa na masikio. Wizara kubwa kuliko zote ilikuwa Wizara ya Kushirikisha, jengo refu mpaka ukiliangalia kofia inadondoka, na pale mbele wamesimamisha sanamu ya sikio la saruji, kubwa kama kibanda cha mlinzi, na njiwa wamejenga humo humo tunduni. Serikali haikuwahi kufanya jambo bila kuuliza watu. Ilipotaka kupandisha bei ya chumvi, iliuliza. Ikapandisha. Ilipotaka kuhamisha hospitali ya watoto ipishe uwanja wa gofu, iliuliza kwa upole kabisa, na chai juu. Ikahamisha. Mtu akija kulalamika anaulizwa swali moja tu: "Ulishirikishwa, hukushirikishwa?" Anasema, "Nilishirikishwa." Basi. "Sasa unalia nini?"

Na ili asije mtu akasema maoni yamechakachuliwa, kulikuwa na ofisa mmoja anaitwa Mpima Makofi Mkuu. Jamaa mwembamba, hacheki, na shingoni kavaa kidude cha kupimia kelele. Hoja yao ilikuwa kwamba maneno ya mtu yanaweza kupotoshwa, lakini makofi hayadanganyi. Kwa hiyo rasimu ya sera ikishawekwa mezani, makofi yoyote yatakayopigwa humo ukumbini ni makofi ya kuiunga mkono. Yoyote. Na rasimu ikimaliza mkutano bila kofi hata moja, inarudi kwa wataalamu ikapitiwe upya, na wataalamu wa nchi ile ukiwapa kitu wakipitie upya, atakayekuja kukiona ni kitukuu chako. Lakini haijawahi kutokea. Nani atakaa mkutano mzima asipige makofi? Si watasema hana malezi?

*

Sasa mbali huko, mahali ambapo hata mchora ramani alichoka akaacha, kulikuwa na kijiji kinaitwa Lukwembe. Lukwembe ipo upande huu wa Mto Mvuguto, na kila kitu kingine duniani kipo upande ule: barabara, soko, shule, zahanati. Mto wenyewe si wa kuchezea. Una mawe, una maji yanakimbia kama yamefukuzwa, na una mamba ambao hawajawahi kushirikishwa chochote. Mtumbwi haukai. Kwa hiyo wanawake wa Lukwembe walisuka daraja: kamba za katani, mbao za kukanyagia, na kila kiangazi wanabadilisha kamba zilizochoka. Upepo ukija linacheza kidogo, mgeni anaweza kulia, lakini wenyeji wanavuka na ndoo kichwani huku wanasengenyana.

Mwenyekiti wa wasuka daraja alikuwa Mama Tunu. Mfupi, sauti kubwa, viganja vigumu kama soli. Kikundi chao kilikuwa kimesajiliwa kabisa, Asasi ya Kiraia ya Watunza Daraja Lukwembe, maana walishaambiwa kwamba asiyesajiliwa hasikiki hata apige yowe.

Siku hiyo Mama Tunu alikuwa uani anachambua mchicha, binti yake Tunu amekaa kigodani, tumbo limetangulia mbele utadhani ndilo lililomleta, na Mzee Ngwatu, katibu wa asasi, amekuja kwa shughuli ya kikundi, ingawa shughuli za kikundi alikuwa anazikumbuka zaidi karibu na saa ya kula. Tunu akatenga ugali. Mzee Ngwatu akakunja viganja, akavigonganisha taratibu, pa, pa, pa. Huo ndio utaratibu wa Lukwembe: chakula hakiguswi mpaka aliyepika apigiwe makofi ya shukrani. Asiyepiga huyo kalelewa na fisi.

Hawajamega tonge la pili, wakasikia gari la matangazo linabweka ng'ambo ya mto.

"Wananchi wa Lukwembeee! Serikali yenu sikivu inawaletea Sera ya Taifa ya Kuvuka Salama! Jitokezeni mtoe maoni!"

"Mbona haji huku?" Tunu akauliza.

"Anaogopa daraja," mama yake akajibu.

"Si analeta sera ya kuvuka?"

"Ndiyo hivyo, mwanangu," Mama Tunu akasema. "Anayeogopa kuvuka ndiye mtaalamu."

Wakacheka. Halafu gari likaanza kusoma rasimu yenyewe, na ilipofika sentensi moja, Mama Tunu akaacha kutafuna. Sentensi ilisema hivi: madaraja yote yaliyotengenezwa na wananchi pasipo mtaalamu yataondolewa mara moja, na madaraja ya kitaalamu yatajengwa pindi hali itakaporuhusu.

Maneno hayo ya mwisho Lukwembe wanayajua vizuri. Umeme ulikuwa unakuja pindi hali itakaporuhusu tangu Mama Tunu akiwa kigoli, na sasa yupo mbioni kuitwa bibi.

Hakuna aliyecheka tena. Uzazi wa kwanza, Tunu alizalia nyumbani, mtoto hakupona na mwenyewe alirudishwa kutoka mlangoni pa kaburi. Mkunga wa zahanati alimwambia waziwazi: "Wewe safari hii usijaribu. Ukisikia dalili, uvuke, uje kwangu. Mchana, usiku, uje." Na kuvuka ni pale, kwenye zile kamba.

"Sentensi moja tu," Mama Tunu akasema. "Sera yote wachukue, wakalalie. Waniondolee sentensi moja."

"Basi nenda ukawaambie," akasema Mzee Ngwatu. "Si wanasikiliza?"

*

Mkutano wa kwanza ulikuwa mji mkuu, kwenye ukumbi wa hoteli wenye baridi ya kutengeneza, mpaka wajumbe kutoka vijijini wakajifunika vitambaa vya meza. Mama Tunu na Mzee Ngwatu walipofika mlangoni wakavishwa vibandiko kifuani. Vya watu wengine vimeandikwa majina. Vyao vimeandikwa SAUTI YA CHINI.

"Mimi sauti yangu siyo ya chini," Mama Tunu akamwambia dada wa mlangoni.

"Ni ngazi tu hiyo, mama. Pita, chai ipo kulia."

Huko kwenye chai ndiko walikokutana na Dokta Placidi. Huyu alikuwa mkurugenzi wa Mtandao wa Mitandao ya Asasi, yaani mtandao ambao wanachama wake ni mitandao mingine, na ndani ya hiyo mitandao kuna mitandao, na ukichimba sana mwisho kabisa unamkuta Mama Tunu. Mwanaume mnene, mpole, miwani imening'inia kwa uzi, ana begi la kila mkutano aliowahi kuhudhuria, amebeba moja na mengine yamo ndani yake.

"Mama yangu, karibu sana!" akasema, ameushika mkono wake kwa mikono miwili. "Ninyi ndio wenye nchi. Sisi tunawasemea tu."

"Basi leo pumzika, baba. Nimekuja mwenyewe. Nataka sentensi moja itoke."

Dokta Placidi akatabasamu kama mtu aliyeombwa na mtoto amshikie mwezi. "Hoja nzuri mno. Ila ngoja tuiweke kitaalamu. Sisi tunashawishi kutoka ndani."

"Ndani ya nini?"

Akaangalia huku na huku. "Ndani ya ukumbi."

Wakagawanywa vikundi, kila kikundi na karatasi kubwa ukutani na kalamu nene. Mama Tunu akasema, na mwezeshaji wa kikundi, dada mmoja mchangamfu sana, akaandika: MSIKATE DARAJA LETU. Mama Tunu akaridhika. Akakaa.

"Ila hii inaonekana kama amri," mwezeshaji akasema. "Tuiite changamoto." Akaandika: CHANGAMOTO YA DARAJA.

"Changamoto inakatisha tamaa," akasema bwana mmoja wa mtandao wa vijana, mwenye mvi. "Wafadhili hawapendi. Tuseme fursa." Ikawa: FURSA ZILIZOPO KATIKA DARAJA.

"Fursa ipi sasa?" Dokta Placidi akachangia. "Fursa ya kuliboresha. Na anayeboresha ni nani? Serikali." Ikawa: WADAU WANAONA FURSA YA SERIKALI KUBORESHA DARAJA.

Mpaka karatasi inabanduliwa ukutani kupelekwa mbele, ilikuwa inasema: WADAU WANAIPONGEZA SERIKALI.

"Lakini mimi sikusema hivyo!" Mama Tunu akawaka.

"Ndiyo maana yake, mama," mwezeshaji akambembeleza. "Hilo neno lako lipo. Limelala humo ndani."

Mzee Ngwatu akaisogelea karatasi, akaikagua juu mpaka chini, akaipindua nyuma. "Limelala kweli," akasema. "Hata kukoroma halikoromi."

*

Mama Tunu akaona isiwe tabu. Wakati Waziri wa Kushirikisha, Mheshimiwa Bonaventura Makuli, amemaliza hotuba na MC anauliza kama kuna neno kutoka chini, akainuka, akaenda akakamata kipaza sauti. Na alisema, bwana! Alisema bila karatasi. Alieleza mto, alieleza mamba, alieleza Tunu na mtoto aliyeondoka. Akasema, "Mheshimiwa, mimi si mtaalamu. Lakini daraja letu linavusha watu leo. La kwenu linavusha maneno. Tuachieni la kwetu mpaka la kwenu lije. Mkilikata, mwanangu nitampitisha wapi?"

Ukumbi mzima ukasimama. Watu walipiga makofi mpaka vikombe vinacheza kwenye visosi. Mama ntilie wanalia, wasukuma mikokoteni wanapiga mluzi, Dokta Placidi kavua miwani anajifuta. Mama Tunu amesimama pale mbele, moyo umejaa, anajua kwamba leo kasikika.

Mpima Makofi Mkuu akatazama kidude chake, akakigonga kidogo kama haamini, akapanda jukwaani akamnong'oneza Waziri. Waziri akainuka, uso unang'aa.

"Ndugu wadau! Nina furaha isiyo kifani. Toka nchi hii ianze kushirikisha, haijawahi kutokea rasimu ikaungwa mkono kwa makofi makubwa kiasi hiki!"

"Siyo rasimu!" Mama Tunu akapiga kelele. "Wananipigia mimi! Wanakataa!"

Watu wakaona kweli mama huyu jasiri. Wakapiga tena, zaidi. Mpima Makofi akaandika.

Kule nje, wamekaa kwenye ngazi na sahani zao za pilau, Mama Tunu akamuuliza Dokta Placidi, "Ulikuwa unajua?"

"Kuhusu makofi? Kila mtu anajua, mama."

"Na wewe umepiga."

"Ulinigusa," Dokta Placidi akasema, na alikuwa anasema kweli. "Hata hivyo usikate tamaa. Kuna mkutano wa kuthibitisha. Kisheria rasimu ikikosa makofi siku hiyo, inarudi kwa wataalamu. Hata ingekuwa na makofi ya mwanzo kama mvua."

Mama Tunu akaweka sahani chini. "Rudia hapo."

*

Hapo katikati alihangaika, acha tu. Alimpigia simu kila aliyekuwa amekaa naye meza moja. Mama ntilie wana sera yao inayotaka kuwaondolea majiko, wasukuma mikokoteni wana yao inayotaka mikokoteni iwe na taa za breki, na kila mmoja aliwahi kupigiwa makofi ukumbini na akarudi nyumbani kuvunjiwa. Kwa hiyo hakukuwa na kubembelezana. Neno likapita kwa wote: siku ya kuthibitisha, mikono tuikalie.

Na waliikalia kweli. Mkutano wa pili, ukumbi ule ule. Waziri anaingia, kimya. Amejikwaa kwenye ngazi ya jukwaa kwa sababu alikuwa anapunga mkono kwa watu ambao hawashangilii, kimya. Mama Tunu kakaa mstari wa mbele, Mzee Ngwatu kushoto kwake, Dokta Placidi kulia. Dokta mikono inamwasha, anajipekecha kwenye kiti kama aliyekalia siafu, na kila akianza kuichomoa, Mama Tunu anageuza jicho tu.

"Tumpigie Mheshimiwa makofi ya kilo!" MC akasema.

Kimya.

"Nusu kilo?"

Kimya. Mtu mmoja akakohoa, akaomba radhi.

"Jamani, hata robo! Hata ya kufungia maandazi!"

Mheshimiwa Makuli akaanza kuhutubia. Sasa yeye alizoea, kila mwisho wa sentensi, kutulia kidogo apishe makofi. Akawa anatulia, makofi hayaji, anasubiri, hayaji, anakunywa maji, anaendelea. Akasema, "Serikali hii ni ya kwenu!" Akasubiri. Akasema, "Mama zetu oyee!" Akasubiri. Akasema leo ni siku ya kuzaliwa ya mama yake mzazi, mgonjwa, yuko kitandani. Akasubiri kwa huzuni kabisa. Kuna mama ntilie mmoja hapo machozi yalimtoka, lakini mikono aliikalia. Mpima Makofi alikuwa anatazama kidude chake, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, kwa sababu hajawahi kuiona sindano imelala namna hiyo.

Hotuba ya robo saa ikala asubuhi yote. Waziri akaishiwa maneno, akageuza karatasi akakuta nyuma ni nyeupe. Akashusha pumzi. "Basi," akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "kama wadau hawana la ziada, ninakaribia sasa kuufunga mkutano huu..."

Mama Tunu akamwona Tunu anavuka. Sisemi alikuwepo. Lakini alimwona vile, mguu mmoja kwenye ubao, mwingine kwenye ubao, taratibu, mpaka ng'ambo kwa mkunga.

Na hapo mlango wa nyuma ukafunguliwa, kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imefika, na wapishi hawana habari za sera. Wakaingia wameinua masinia, mvuke unapanda, karafuu na iliki zimeujaza ukumbi wote. Wakapita mstari wa mbele, wakaweka sinia la kwanza mbele ya wazee, kwa heshima.

Mzee Ngwatu alitazama pilau. Akatazama aliyelileta, binti wa watu, kavaa aproni, kajifunga kilemba. Alishindana na nafsi yake, hilo lazima lisemwe. Mashavu yalitetemeka. Lakini huyu ni mtu aliyekula maisha yake yote bila kukosa kushukuru hata mara moja, na mikono ina akili yake. Ikatoka chini ya mapaja. Ikajikunja.

Pa. Pa. Pa.

Taratibu kabisa, kiungwana. Mama Tunu akamrukia mikono akachelewa. Maana watu wote humo ndani walikuwa na mikono iliyokaliwa toka asubuhi, imekufa ganzi, inawasha, na iliposikia ya mwenzao imeachiwa, yote ikatoka. Ukumbi ukapasuka kama bwawa. Walipiga huku wanajuta. Mama ntilie yule alikuwa anapiga huku anasema, "Jamani, jamani, tunafanya nini?" Dokta Placidi alipiga mpaka saa yake ikafunguka mkononi ikaruka. Kidude cha Mpima Makofi kikatoa moshi.

"Imepita!" Waziri akalia, machozi yanamtoka. "Imepita kwa kishindo! Nilijua mnatania!"

Kelele zilipotulia, Mzee Ngwatu alikuwa anatazama viganja vyake kama vya mtu mwingine. "Mama Tunu," akasema. "Chakula kilikuja."

"Nimekiona, mzee wangu," Mama Tunu akasema. "Kula."

*

Uzinduzi wa sera ukapangwa Lukwembe kwenyewe, kwa heshima ya mwananchi aliyeipatia makofi mengi. Ila hema, viti vya kifahari na bendi vilikaa ng'ambo, upande wa barabara, kwa sababu daraja halikuwa salama kwa viongozi.

Tarehe ilikuja ghafla, imetangazwa leo kwa kesho. Asubuhi hiyo Tunu alikuwa ameamka na kiuno kinavuta. Mama Tunu akasema vizuri, leo leo navuka na wewe, nakukabidhi kwa mkunga, halafu hao na sera yao watajijua. Wakafika kwenye daraja, wakakuta askari wawili wamefunga utepe.

"Mama wewe pita, jina lako lipo. Wewe dada, hapana."

"Huyu ni mwanangu. Anakwenda zahanati."

"Mama, sera mpya inasema daraja hili ni hatari, hasa kwa wajawazito," askari akasema, na alionekana anamhurumia kweli. "Hatuwezi kumhatarisha."

"Basi na mimi sipiti."

"Usipopita wewe shughuli haianzi, na shughuli isipoanza utepe hautoki. Nenda, chukua cheti chako cha ushiriki, ongea na wakubwa huko huko. Neno moja tu la Mheshimiwa, sisi tunamvusha wenyewe, mgongoni."

Tunu akamsukuma kidogo. "Nenda, Mama. Haijakaza bado. Nenda ukaseme, wewe ndiye wanayekusikia."

Akaenda. Alivuka anageuka nyuma kila ubao. Alipofika tu wakamvisha fulana nyeupe juu ya gauni, kifuani imeandikwa NIMESHIRIKISHWA, wakamkalisha kiti cha mbele. Akataka kusema na Waziri, akaambiwa subiri, bendi inapiga. Bendi ilipomaliza akaambiwa subiri, kuna dua. Dua ilipokwisha akaambiwa subiri, ni zamu ya asasi za kiraia, na asasi za kiraia alikuwa ni Dokta Placidi, aliyesema kwamba leo sauti ya chini imefika juu. Mama Tunu akamshika koti alipokuwa anashuka.

"Dokta. Mwanangu yupo ng'ambo, uchungu unaanza. Mwambie Mheshimiwa aniruhusu nimvushe ndipo wakate daraja. Sikatai tena kukata. Nimvushe tu."

Dokta Placidi akatazama ng'ambo. Akamwona Tunu, ameshika nguzo ya daraja, ameinama. Akavua miwani. "Mama yangu," akasema, "hilo nitaliingiza kwenye taarifa yetu ya robo mwaka. Nakuahidi. Ukurasa wa mbele."

Mama Tunu akamwacha, akamwendea Waziri mwenyewe, akapiga magoti mbele ya kamera. "Mheshimiwa, mwanangu..."

"Inuka, mama, inuka!" Waziri akamwinua kwa mikono yake mwenyewe, akamkumbatia, akamgeuza kwa wapiga picha. "Mnaona? Mama analia kwa furaha!" Na huku amemshika bega, akapewa mkasi mkubwa wa kuzindulia. Kamba ya katani iliyosukwa Lukwembe haikukatika na mkasi. Ikajaribiwa tena, mkasi ukapinda. Mpaka ikabidi waazime panga kwa mwenyeji, na wenyeji wa ng'ambo ni watu wakarimu, wakatoa.

Daraja lilikwenda kimya kimya. Lililegea upande mmoja, mbao zikainama moja moja kama watu wanaosujudu, halafu maji yakalichukua.

Msafara ukaondoka. Hema likaanza kukunjwa. Akabaki afisa mmoja wa wizara, binti mdogo mwenye kalamu sikioni, kazi yake ni kupokea maoni ya baada ya uzinduzi.

"Sasa mimi narudije?" Mama Tunu akamuuliza.

"Swali zuri sana, mama," akasema, ameshachukua kalamu. "Nalipokea."

Kuzunguka mpaka daraja la lami ni mwendo wa kutwa na kucha. Mama Tunu alishuka mpaka maji yakafika magotini, wenye panga wakamvuta nyuma, kwa sababu mamba wawili walikuwa wameamshwa na mbao wanaangalia. Ng'ambo, wanawake wa Lukwembe walikuwa wamemlaza Tunu mchangani. Wakavua khanga zao, wakasimama duara, wakazitandaza kumsitiri. Mama Tunu akawa haoni tena ila khanga, nyekundu, njano, nyekundu, na migongo.

"Mshikeni miguu!" alipiga kelele. "Asisukume bado! Tunu! Pumua, mama! Pumua!"

Mto ulikuwa unanguruma. Hakujua kama walisikia. Akaita mpaka sauti ile kubwa ikakwama kooni ikawa mkwaruzo. Jua likahama. Duara la khanga likabana, likapanuka, likabana tena. Halafu likatulia.

Mmoja wa wanawake akageuka kutazama upande wake. Akafunua mdomo, akasema neno, na maji yakalipitia.

"Wazima?" Mama Tunu akalia. "Nauliza, wazima? Wote wawili?"

Yule mwanamke akasema tena. Mkono wake uliinuka kidogo, ukashuka.

Afisa alikuwa amesogea, amesimama pembeni kwa adabu, kalamu tayari.

"Samahani, mama," akasema. "Hiyo niiandike kama swali, au kama pendekezo?"